Kiroba cha Sembe Nyuma ya Kiti

Dada yangu Zuhura, shikamoo. Kabla hata sijauliza hali, tangaza hapo Korogwe kwamba katika watoto wote wa mama yetu mwenye bahati ni mmoja tu, naye ndiye huyu anayekuandikia: nimepanda helikopta ya jeshi! Nimekaa nyuma, upepo unanipiga usoni, nimemshika mkono shemeji njia nzima, kutoka mlimani mpaka Maskati. Wangapi wa mtaa wetu wameiona Oman kutoka juu?

Haya, hamjambo? Mguu wa mama umepoa? Mimi mwili ni mzima, tumbo tu linanenepa bila ruhusa yangu. Najua umepiga simu sana. Zote nimeziona zikiita, nikashindwa kupokea. Ndiyo maana nampa barua hii jirani yangu wa hapa Ghubra anayerudi Tanga.

Dada, kaa kwanza. Shemeji Rajabu anaumwa, yuko hospitali. Yu hai. Soma polepole.

Unajua mumeo hupika kule juu kwenye kituo cha wanajeshi, mahali gari halifiki. Wanaofika ni mbuzi na hiki kihelikopta ninachokiosha kila siku. Ni kidogo, kama bajaji iliyovishwa feni. Lakini ndicho kinachouweza mlima, kwa sababu ni chepesi. Hewa ya kule ni nyembamba. Ukizidisha mzigo, lile panga la juu linazunguka bure, kama mwiko kwenye uji wa mgonjwa, halishiki kitu. Kwa hiyo kwetu kila kinachopanda hupimwa kwenye mizani, hata chupa ya chai ya rubani. Niliwahi kuomba lifti. Rubani wetu Kapteni Seif, Mwomani ambaye bibi yake ni wa Unguja, alicheka mpaka akashika ukuta: "Weye Shabani ukipanda, basi mie nshuke!"

Sasa shemeji alikuwa ananililia kwenye simu. "Shemeji, wali nimechoka, mikate nimechoka. Niletee sembe nisonge ugali, nikumbuke mimi ni nani." Nani angekataa? Nikanunua kiroba kizima sokoni Ruwi. Nikikipeleka mizani watakikataa, nikasema moyoni, hawa watanijulia wapi mtoto wa mjini? Nilipokuwa nafuta vumbi ndani nikakisukuma nyuma ya kiti, nikakifunika turubai linalokaa humo siku zote. Tulipanga kwamba ndege ikitua kule, yeye mwenyewe ajifanye anapokea mboga, akichomoe. Nikajiona bingwa.

Kabla ya safari ile ya mboga, kapteni akaja mbio. "Shabani, ntolee milango upesi, ipungue uzito! Nna mgonjwa juu."

"Nani?"

"Yule mpishi wenu. Kifua."

Nikatoa milango. Wallahi dada, kiroba hakikunijia kichwani hata kidogo.

Ya huko juu alinisimulia kapteni. Walimlaza shemeji nyuma, ndege ikanyanyuka kidogo, ikarudi chini. Ilikuwa mchana, jua linachoma, na joto huifanya hewa izidi kuwa nyepesi. Wakamshusha fundi wa ndege aliyepanda naye. Bado. Wakatoa zana, wakatoa kamba. Kapteni akavua hata mabuti yake. Bado! Hakuelewa, maana mizani ilimwambia yuko sawa. Ikabidi amtoe mgonjwa, wangoje hewa ipoe. Alasiri shemeji akaacha kuongea. Jua lilipoinama ndipo ndege ikakubali, fundi akabaki mlimani.

Walipotua, gari la wagonjwa likamchukua. Mimi nikainua turubai. Kapteni alikuwa nyuma yangu, miguu mitupu.

"Hichi n'nini?"

"Unga, kapteni. Wa shemeji yangu. Huyo uliyemleta."

Hakunitukana. Bora angenitukana. Alikaa chini sakafuni. "Si ungenambia tu, Shabani," akasema. "N'ngeupeleka safari nyengine."

Sasa shemeji anapumua kwa mashine. Daktari anasema alichelewa kufika, ila hajakata tamaa. Jana nilimtania sikioni, nikamwambia amelala sana kama bosi. Akakunja uso. Nimelishika hilo: ananisikia. Kazini nimeambiwa nisionekane mpaka niitwe. Wakinirudisha nyumbani, nitafikia kwako kwanza, unifanye utakavyo.

Mama mkwe wako usimsomee yote, mwambie tu amwombee mwanawe. Msalimie mama, na shangazi anayekushikia watoto ukienda sokoni. Wanao waambie mjomba yuko na baba yao, haondoki hapo kitandani.

Na pale mwanzo, dada, nimekudanganya. Kama fundi mwembamba alishushwa, mimi na tumbo hili ningekaa wapi? Sijawahi kupanda helikopta. Mumeo alikuja kule nyuma peke yake, yeye na unga wangu. Hakuna aliyemshika mkono.

Mdogo wako,
Shabani