Taa ya Stesheni ya Magesa

Mjukuu wangu Nyangeta,

Hapa Nyegina hatujambo. Babu yako bado anagombana na mbuzi wa jirani. Umeuliza kama utotoni niliona treni. Musoma reli haikufika, ila marehemu kaka yangu Magesa alikuwaga na yake uani: reli za waya, milima ya udongo, ziwa la kioo kilichovunjika, na stesheni yenye balbu ya tochi. Betri zilikuwa zimeadimika, tukaanika zile kuukuu juani zipate nguvu kidogo, tukazitunza mpaka baba arudi safari. Aliporudi, zilikuwa zimekufa. Magesa akamwonyesha kwa kidole: "Baba, hapa ingewaka." Baba akainama, akaangalia muda mrefu.

Siku hizi betri zimejaa kila duka. Nikienda kununua za redio, najikuta nimechukua na za Magesa.

Bibi yako