Masanja, Wimbo Umefika Kambini

Mtani wangu Masanja,

Barua huanza na kuulizana afya. Kwako nimeona niruke hapo. Mimi ni mzima, bendi bado inapiga kila Jumamosi pale Kambarage, na tangu uondoke mimi ndiye ninayeitwa kiongozi. Mzaramo anaongoza bendi ya watani wake Wasukuma. Ulisema siku hiyo ikifika ng'ombe wote wa Shinyanga watahama kwa aibu. Bado wapo, nimewaona leo asubuhi.

Albamu imetoka. Ndiyo sababu ya barua hii, au ndivyo nilivyojiambia nilipokaa kuandika. Ina nyimbo sita, tatu kila upande wa kanda. Yule Mhindi mwenye duka la kanda karibu na stendi anaipiga kwa spika nje kutwa nzima, na watu wanasimama na mizigo yao kichwani wanatikisa mabega. Redio moja, katika hizi mpya za watu binafsi, ilituita tueleze maana yake. Nilieleza nusu.

Nusu hiyo unaijua. Hukuwa na subira na watunzi wanaotunga wamekaa kwenye kiti. Kila ulipofika msimu wa kulima ulikuwa unanichukua kwenu Didia, tunakaa kando ya shamba kusikiliza bugobogobo, majembe yanapanda na kushuka pamoja kufuata ngoma. Ulikuwa unahesabu mdundo kwa kidole kwenye goti. Goti langu, si lako, mpaka linaniuma. Halafu tukaenda kupiga dansi kwa wachimbaji wa dhahabu kule Buzwagi, na njiani kurudi ukajaribu tena kuhesabu kwenye goti langu, ukashindwa. Mwisho ukasema, "Wale wanachimba bila ngoma. Ndiyo maana wanachoka vile." Ukataka tutoe albamu nzima ya kuchimbia. Ukafunga redio kaseti yako ndani ya shuka, ukaenda kukaa kwenye machimbo mapya porini, mbele ya Kahama kuelekea Geita, ukisema utarudi ukishaupata mdundo wao.

Uliupata. Ulikuwa kwenye kaseti iliyorudi na nguo zako. Tulitegemea kusikia wanaume wanaovuta kamba juu ya maduara, yale mashimo yao. Kumbe ulikuwa umerekodi akina mama wanaotwanga mawe kwenye vinu vya chuma, upande mzima wa kaseti bila neno hata moja. Mwishoni tu unasikika ukikohoa, halafu unasema, "Huu hapa." Shija, mpiga ngoma wetu, aliisikiliza wiki mbili kabla hajakubali kugusa fimbo zake. Nyimbo zote sita zinakwenda kwa mwendo wa vile vinu. Hayo ndiyo niliyowaambia watu wa redio, na mtangazaji alifurahi sana.

Nusu ya pili sikuisema.

Ulipokuwa kambini kwa wachimbaji, mwezi wako wa tatu huko, dereva wa lori la mahindi alinifuata nyumbani na ujumbe wako: "Mwambie yule Mzaramo aje amchukue mtumwa wake, anakufa." Nilicheka. Sasa ningefanya nini? Sisi tulikuwa tumeshauana mara ngapi? Siku niliyochelewa treni Isaka uliwatangazia wenzetu kwamba nimefariki, ukawachangisha na rambirambi. Mimi nilikuletea sanda siku ya harusi yako, nikaikabidhi mbele ya wakwe. Basi nikamwambia dereva, "Mwambie asife kwanza, Jumamosi tuna dansi." Lori likaondoka alfajiri ya siku iliyofuata. Lilikuwa na nafasi mbele. Nililiona.

Siku ya nne ukaletwa Didia. Homa, walisema.

Dereva alinieleza baadaye kwamba alikufikishia jibu langu, ukacheka mpaka ukapaliwa. Hicho kicheko sijui nikifanyie nini, Masanja. Siku nyingine kinanipa nafuu. Siku nyingine najiuliza ulicheka kwa sababu ulijua sijaelewa, au kwa sababu ulidhani nimeelewa na kwamba nitatokea hapo wakati wowote kama ilivyokuwa kawaida yangu.

Msibani nilifanya kazi ya mtani. Nilishuka kaburini kabla yako, nikajilaza, nikasema sitoki mpaka nipewe dume la ng'ombe. Nilivaa koti lako nikaiga unavyotembea, kifua mbele kama mwenyekiti wa kijiji. Watu walisema hawajapata kuona mtani wa namna ile. Mtani halii, basi sikulia. Nikarudi mjini nikiwa sijalia, na sijalia mpaka leo. Wenzetu wanasema nimekuwa mkavu.

Wimbo wa sita ni wangu. Hauna kisa wala mapenzi ndani yake. Unataja vituo tu: natoka Shinyanga, nimepita Didia, nimepita Tinde, Isaka, Kahama, naingia porini. Kila kituo waitikiaji wananiuliza nimefika wapi, nami najibu. Mashabiki wanadhani tunasifu barabara, na makondakta wa mabasi wameupenda kweli. Ni safari ya siku moja. Kwa lori lile ningekufikia jioni.

Tulirekodi Dar es Salaam. Tulifika studio tumechoka, tumekaa kwenye treni siku mbili. Fundi mitambo akasema wimbo wa sita ni mrefu, utepe hautatosha, tuumalizie Kahama naye ataipunguza sauti polepole. "Kahama panatosha, kila mtu anapajua." Wenzetu wakakubali. Mimi nikakataa. Wakaniuliza kwa nini, nikajaribu kusema habari za muziki, haikusaidia, maana wao ni wanamuziki. Ndipo nikawaambia. Lori, ujumbe, jibu langu. Nilieleza mbele ya maikrofoni kama mtu anayesoma ratiba ya treni, na nilipomaliza sikuweza kumtazama yeyote.

Hakuna aliyesema si kosa langu. Nawashukuru kwa hilo. Shija alikaza ngozi ya ngoma yake, akasema, "Basi kata beti mbili kwenye wimbo wangu." Unajua Shija anavyozipenda beti zake. Kisha akagonga fimbo mara nne, tukapiga wote pamoja, mara moja tu. Nilipotaja kambi niliuchelewa mdundo kidogo. Fundi alitaka turudie. Bendi nzima ikakataa.

Kwa hiyo wimbo umefika kambini. Fundi aliubana ukaingia wote.

Lakini kuna jambo ambalo albamu haikulimaliza, na ndilo linalonikosesha raha. Mama yako hajui. Nilimpelekea kanda mwenyewe Didia. Aliusikiliza wimbo wa sita, akataka urudiwe, akasema ungeupenda. Halafu wakaja majirani, naye akanionyesha kwa kidole akawaambia, "Huyu ndiye hakumwacha mwanangu." Akanipakulia ugali wa kulisha kijiji, akaniita mwizi wa ng'ombe, akacheka. Nami nikala. Nilikula wote, Masanja, nikashukuru, nikapanda basi nikarudi.

Naona aibu. Naandika hivyo hivyo kwa sababu sijui njia ya kuutania mkono wa yule mama ukiniwekea nyama.

Nimemaliza kazi uliyoiacha. Nadhani tumeimaliza vizuri, na kama kuna mahali tumekosea ni kwenye gitaa la wimbo wa pili, kosa la mpigaji wa rhythm, unamjua. Nakukumbuka sana. Pumzika, ndugu yangu, na usinisubiri kwa haraka.

Nakuahidi jambo moja. Jumapili hii naenda Didia. Nitamwamkia mama yako shikamoo kama mtoto yeyote, nitakaa chini, nitamwambia mwanawe aliniita nami nikabaki kwenye dansi. Akinifukuza nitaondoka. Akininyamazia nitakaa hapo hapo. Na akianza kuniita mtani, nitamwomba asiniite hivyo mpaka nimalize kusema.

Ni mimi,
Kibwana