Debe la Maziwa la Baba Dattu

Kijijini, 3 Novemba 1986

Baba Dattu,

Sasa hivi mwanao amevua nguo zote, amejipaka udongo wa uani kifuani, kisha ameshika mguu wa kitanda akachuchumaa na kuinuka mara nne. Ya tano ikamshinda, akakaa kitako akajicheka mwenyewe. Mama mkwe kasema, "Huyu naye keshaharibika kama babake," huku anajifuta machozi kwa kucheka.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu lilikuwa bado machoni mwangu. Salamu zako ndizo hizi. Sisi wazima, nyati wetu wa maziwa mzima, mama goti linamsumbua kwa baridi. Je, homa imekuacha? Umesema vastad, mwalimu wenu wa mieleka, anataka urudi kiwanjani wiki hii. Mwambie hukulala siku kumi na mbili kwa uvivu.

Bandu wa lori la maziwa atakuletea debe kila siku kama kawaida. Nimemkabidhi na samli na lozi. Lozi ziloweke, uzimenye, uzisage ndani ya maziwa. Usiwagawie wenzako, mkono wako naujua. Usihofu, nyumbani hatujakosa. Dattu namkorogea mtindi uliotolewa siagi, anaupenda.

Wewe mwangushe tu yule wa Sangli siku ya sikukuu, urudi nyumbani moja kwa moja kama ulivyoahidi. Sakafu nimeshaikandika upya.

Mkeo,
Mama Dattu

Kolhapur, 12 Novemba

Mama Dattu,

Nawasalimu wote, na goti la mama nalisalimu peke yake. Homa imeondoka ila imeniachia miguu ya ndama. Vastad kasema siku kumi na mbili za kitandani hazisamehewi. Juzi aliniamuru kuchuchumaa na kuinuka mara elfu tatu, na maji nisiguse mpaka nimalize. Unajua kwetu maji katikati ya mazoezi hulegeza mwili. Nilimaliza. Kisha wenzangu wakanibeba mpaka kitandani wakiniita bibi harusi, nami nikacheka nao.

Tangu hapo mapaja yamekuwa magumu kama jiwe la kusagia. Mzee Maruti anayetukanda aliyabonyeza kwa mafuta hadi nikang'ata shuka. Aliniambia mbele ya paja mtu ana misuli minne, imepangana kama kamba za kisima, na yangu yote minne imekasirika. Kumbe minne. Miaka yote hii nilidhani ni mmoja.

Jambo moja mama asilisikie. Mkojo wangu unatoka kama chai ya rangi, na kidogo tu.

Mumeo,
Baba Dattu

Kijijini, 16 Novemba

Baba Dattu,

Umeamkaje? Barua yako nimeisoma mara mbili zizini ili mama asinione. Halafu nikamwuliza kijanjajanja, kama namwulizia mtu mwingine, akasema mkojo ule ni joto la homa linatoka, na likitoka lote mtu hurudi na nguvu kuliko alivyokuwa. Nilifurahi nikambusu, akashangaa.

Basi mwili umechoka, na mwili uliochoka haubembelezwi kwa maneno, hupewa chakula. Nimeongeza maziwa ya jioni kwenye debe. Bandu atakuletea na sufuria ya mchuzi wa kwato za mbuzi, nimeuchemsha tangu alfajiri mpaka ukaganda. Unywe wote, hata kama hutaki. Hizo kamba zako nne zitashiba na hasira itaisha.

Dattu anafika mara tano sasa. Nimembonyeza paja nikitafuta misuli minne, nikapata mafuta matupu.

Mkeo,
Mama Dattu

Kolhapur, 24 Novemba

Mama Dattu,

Hamjambo? Usishangae mwandiko, vidole vimejaa.

Mchuzi niliunywa, nikautapika. Mzee Maruti akanipeleka kwa daktari bila kumwambia vastad. Daktari alinichorea picha kwenye karatasi. Anasema nyama ya mapaja imevunjika, ikaingia kwenye damu, na sasa imeziba figo. Nisinywe maziwa, nisile nyama wala lozi, nisifanye zoezi hata moja. Anataka nipelekwe Pune kwenye mashine ya kusafisha damu, tena upesi. Vastad aliposikia alicheka mbele ya wote. "Tangu lini maziwa yakamwua mwanamieleka? Akienda Pune, jina lake nalifuta ukutani." Nami sikwenda. Nilimwonea haya, na sasa hata ngazi siwezi kushuka.

Sili kitu, lakini kwenye mizani nimeongezeka kilo nne kwa siku sita. Miguu imevimba, nikibonyeza kwa kidole shimo linabaki.

Usilete debe tena. Mpe Dattu maziwa yake.

Baba Dattu

Kijijini, 29 Novemba

Baba Dattu,

Mwanao amenipokonya kalamu sasa hivi, nimeipata chini ya kuku. Kwema huko? Siku tano sijapata mstari wako, nikasema labda unapumzika, na hilo ni jema.

Kilo nne! Nimemwambia mama, naye amewaambia majirani wote. Nilijua samli itafanya kazi tu. Hilo shimo la kidole lisikutishe, ndivyo unavyokuwa unga uliokandwa ukakubali, nami unga naujua. Huyo daktari amelelewa kwa biskuti na chai, atajuaje mwili wa mtu wa kiwanjani? Mtu amelala hoi halafu anyimwe na maziwa? Hapo unisamehe, sikukutii. Debe nimelituma kila siku, tena juzi niliweka zafarani.

Ila Pune nimeifikiria. Kama vastad unamwonea haya, nitakuja mwenyewe na Dattu mgongoni tukupeleke. Jina ukutani tutaliandika hapa kwetu, ukuta tunao. Kaka yangu anaweza kutukodia gari Jumatatu. Wewe ungoje tu mpaka hapo.

Mama ananiita. Anasema Bandu yuko mlangoni, amevua kofia na hataki kuingia, na debe la jana amelirudisha limejaa mpaka shingoni, halikufunguliwa. Nimemwambia angoje nimalize, asije akaondoka bila barua hii. Labda jana ulikuwa umelala. Nilitaka tu kukuambia kwamba Dattu leo amefika mara sita bila kushika kitanda, halafu akageuka mlangoni kama vile kuna mtu anamtazama, akainua mikono juu na