Ndege ya Nyangwe na kashe ya Baba

Kwako Yaya Zaina,

Salamu yangu ikukute umekaa. Usiisome ukiwa umesimama, sababu iko na furaha nyingi. Muko namna gani kule Kasongo? Miguu ya Baba inamusumbua bado? Malaria iliwaachilia watoto? Mimi niko muzima. Baridi ya huku Ubelgiji inanitafuta kila siku, lakini haijajua jina langu.

Ile sauti yako ya telefone niliisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilikasirika, ya pili nilicheka, ya tatu nilikwenda kumusumbua Madame.

Unajua kazi yangu katika duka lake: kupanga tembre, zile stempu za posta za zamani. Elimu yangu yote ya ndege imetoka pale. Mutu akishika historia ya ndege kwa vidole, moja moja, anajifunza bila mwalimu wa kumuchapa. Ndipo siku moja, kabla ya sauti yako kunifikia, katika tembre za ukumbusho wa ndege za kwanza, nikaona moja yenye mitumbwi miwili mahali pa miguu, imekaa juu ya mto wa rangi ya chai, na watu ndani ya pirogi zao wanaishangaa. Yaya, nilipiga kelele! Madame akazani nimeona panya.

Ni ndege ya Baba! Ile aliyoiona akiwa mutoto, ikitua juu ya mto Lualaba pale Nyangwe. Miaka yote hakuna anayemusadiki, watu wanamwita Baba Ndege, na jirani yake Muzee Shabani anamuuliza kila jioni kama ndege yake imekwisha kuvua samaki. Na mimi, siku ya arusi yako, nilisimama mbele ya wageni, nikaiiga ndege ile kwa mikono, wote wakacheka. Baba aliangalia sahani yake tu. Sahani ile ninaiona mpaka leo.

Ndiyo maana nilituma tembre ile mbiombio. Na yeye akafanya nini? Mutu wa posta ni mutu wa posta! Posta ilifunga, kazi ikamwacha, lakini kashe yake, ule muhuri wa kugonga barua, hakuiacha. Hawezi kuona tembre safi akanyamaza. "Tembre bila kashe ni mutu bila jina," na paa! juu ya ndege yenyewe. Wino mweusi tii. Halafu Muzee Shabani, vile ulivyosema, akavaa miwani, akaigeuza juu chini: "Ramazani, pole. Ndege yako imeungua." Tangu hapo Baba hatoki tena barazani.

Sasa sikiliza vizuri. Madame amenipa zingine mbili. Moja iko ndani ya plastiki. Baba asiiguse! Mwite Muzee Shabani, aishike yeye mwenyewe, Baba akiwa amekaa karibu. Maandishi ya chini usiwasomee. Hayataji Nyangwe. Lakini hayaikatai pia.

Ya pili nimeibandika kwa bahasha. Barua hii inakuja kwa mkono wa mama mumoja anayerudi Kindu, kisha kwa pikipiki mpaka kwenu. Haitaona posta hata moja. Lakini tembre lazima, sababu iko mutu wa kuipokea. Mupe Baba bahasha, apige kashe kwa nguvu zake zote, kisha unirudishie.

Nisalimie shemeji, mume wako, na shangazi yetu wa kule Wamaza. Na kaka yetu mwalimu kule Kabambare: naye alicheka siku ile, ila kidogo kuliko mimi.

Unakumbuka tarehe ya kashe ile? Iliganda siku posta ilifunga, miaka miwili kabla ya arusi yako. Basi kwa hesabu ya kashe, barua hii itakuwa imemufikia Baba kabla sijamucheka. Nyuma ya bahasha nimemwandikia: Baba, ninakusadiki.

Mudogo wako,
Saidi, mutoto wa Baba Ndege