Uzi Mwekundu wa Kwapani

3 Mei

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Kifua kimetulia? Sisi wazima, ila mguu wa baba yako bado unamsumbua. Mdomo wake ndio haujawahi kuugua.

Nimepata kazi kwenye karakana ya magwanda ya jeshi. Mama Mrefu yuko cherehani ya pembeni yangu. Mwambie huyo rafiki yako Mrefu aandike mwenyewe, asikufanye wewe karani wake. Magwanda yanakuja kwa marobota kutoka huko mliko, yameshafuliwa. Tunatia viraka, yanarudi kuvaliwa na wengine. Wenyewe wako wapi, hatuulizi. Matundu yanajieleza.

Unaukumbuka uzi mwekundu niliokushonea kwapani mwa gwanda siku unaondoka, ukanicheka? Kila robota likifunguliwa nageuza makwapa yote kwanza. Msimamizi ananiona mwehu. Na anione. Nisipouona uzi wangu, ndipo chakula kinapita. Basi gwanda lako livae wewe tu.

Mama yako


21 Mei

Mama, shikamoo,

Mimi mzima. Kifua kimetulia, njaa ndiyo haijatulia. Baba mpe pole, mguu na mdomo.

Mama, nisikufiche. Mrefu alikuwa anakausha gwanda lake, likaungua. Si unamjua, yeye na moto hawapikiki chungu kimoja. Kwenye lindo akawa anatetemeka, meno yanagongana, nikampa langu. Mimi nina sweta. Kwa hiyo ukiuona uzi wako usije ukaangusha kilio bure. Na mama yake usimwambie, atajua mwanawe anatembea uchi.

Mwanao


14 Juni

Mwanangu,

U hali gani? Nijibu hilo kabla ya salamu.

Gwanda limekuja. Limetoboka kifuani, upande wa kushoto. Nikaligeuza, uzi wangu huu hapa. Mama Mrefu ndiye aliyenikokota mpaka nyumbani. Alilala na mimi chini, akapika, akapokea watu, akamlisha baba yako aliyekuwa amegoma kula. Tukiwa bado matangani, barua yako ikaingia. Nikaisoma, nikapiga kigelegele! Mbele ya waombolezaji, mwanangu. Mama Mrefu akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga, akacheka na mimi kabla hajajua tunacheka nini. Akasema, "Soma kwa sauti, dada, na sisi tufurahi."

Nikasoma. Furaha haina akili. Nilipofika penye jina la mwanawe ulimi ukagoma, lakini alishasikia. Alirudi jikoni akaosha masufuria. Hakulia.

Baba yako naye, asiyejua kunyamaza, akaichukua barua akatazama tarehe. "Hii ya zamani. Na kama alirudishiwa gwanda lake?" Nilitamani nimzibe mdomo kwa kiraka.

Sasa tunakaa cherehani kwa cherehani. Mimi naomba aliyekufa awe wa kwake, yeye anaomba awe wa kwangu, na mchana tunagawana mkate. Najichukia, lakini ndiyo dua yangu. Niandikie neno moja tu. Niambie hukulichukua gwanda lako.

Mama yako


9 Julai

Mama, shikamoo,

Ni mimi, Mrefu. Barua yako nimeifungua, nisamehe. Mwenyewe hayupo wa kuifungua.

Nilipopewa gwanda jipya nilimwambia achukue hilo, mimi nibaki na lake la zamani. Akakataa. Akasema, "Mama yangu analitafuta hilo. Akisikia nimeligawa moja kwa moja, atanichapa na ukubwa huu." Akalivaa, akaenda kuchota maji. Hakufika kisimani.

Tulimzika vizuri. Uso nilimwosha mimi. Gwanda walilivua, ndio utaratibu wao, lakini blanketi tuligoma, tukamzika nalo.

Kwa mama yangu sijaandika. Nimeona haya kumwambia niko hai kabla wewe hujajua. Mwambie wewe, ukiweza. Akipiga kigelegele, mama, mvumilie.

Mwanao,
Mrefu