Mama, Tuzo Nitampa Mwenyewe

Mwaka umetimia, mama, tangu asubuhi ile ulipotutoka. Saa yako ya mkononi bado iko juu ya friji, pale ulipokuwa ukiiacha kabla ya kunawa mikono hadi kwenye viwiko, kana kwamba hata chai inasubiri kupasuliwa.

Tunakukumbuka kwa wema wako, na kwa haraka yako. Ulimmenyea baba machungwa hadi akafikisha miaka sitini na sita, kwa sababu yeye alikuwa anakawia. Kamba za viatu vyetu ulifunga wewe. Uzi ukigoma kuingia kwenye sindano, daftari likigoma jalada, ulinyoosha mkono: "Lete hapa, mnanichosha." Sekunde mbili, kazi imekwisha. Mimi mwanao wa kwanza nilijifunza kufunga viatu shuleni, tena nikifundishwa na mtoto wa darasa la nyuma yangu.

Kwa hiyo siku ya msiba tulishangaa. Wanafunzi wako wa upasuaji walijaa uani, madaktari wazima wanalia kwikwi, na kila aliyesimama kusema alirudia lilelile: mwalimu wetu alikuwa na subira. Mdogo wangu akaninong'oneza, "Dada, hawa hawajakosea nyumba kweli?"

Nilicheka, halafu nikaona wivu. Baba ameniambia nifute sentensi hiyo, haifai kwenye tangazo la kumbukumbu. Sijaifuta. Nawaonea wivu wanafunzi wako wote, na zaidi ya wote yule binti uliyempa jina la Kushoto.

Kushoto ulimfundisha miaka mitano, na leo naye ni mwalimu pale chuoni. Kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto, ulihangaika huku na huko mpaka ukampatia mkasi wa watu wa mkono huo. Mama, na mimi natumia kushoto. Mimi uliniambia nitazoea.

Ulipolazwa, nilikaa siku nne kwenye kiti cha plastiki kando yako, nimekushika mkono. Siku ya nne ukafumbua macho, ukanitazama vizuri, ukauliza, "Kushoto ametoka chumba cha upasuaji?" Nikaenda kumwita. Ningefanya nini? Mkaongea habari za nyongo ya mgonjwa wake, mimi nimesimama mlangoni na chupa ya chai.

Sasa chuo kimeanzisha tuzo ya mwalimu bora wa upasuaji. Wanasema kuufundisha mkono wa mwenzako ni kazi ya kuheshimiwa sawa na kupasua kwenyewe, na tuzo wameipa jina lako. Wanafunzi walipiga kura, na sina haja ya kukuambia nani kashinda. Wakaomba mtoto wako wa kwanza ndiye amkabidhi, Jumamosi hii. Nikasema siendi. Mama mdogo akaniambia nina roho ya kwa nini, na nyumba nzima ikaninunia.

Kushoto alisikia. Jumapili mchana alikuja bila kupiga simu, akakaa kwenye meza ya jikoni.

"Dada," akasema, "kama hutaki, nitawaambia watafute mtu mwingine. Si lazima watu wajue."

Upole wake ukazidi kuniudhi. Nikamwambia, "Nionyeshe basi. Hiyo subira yake mnayoisema, nionyeshe ilikuwaje, maana humu ndani hatukuiona."

Hakubisha. Aliomba uzi, akaufunga kwenye kishikio cha droo, akanionyesha mara moja jinsi mnavyopiga fundo kwa mkono mmoja, kisha akaniachia uzi. Halafu akauweka mkono wake chini ya wangu. Haukunigusa, ulikaa tu.

"Mwalimu alikuwa anauweka hivi," akasema. "Ukiharibu, upo. Usipoharibu, hausogei."

Nilikosea mara tisa. Uzi uliteleza, ukajisokota, nikasonya, nikataka kuacha. Mkono wake ulikuwa palepale. Nilikuwa namtazama usoni nimkamate amechoka, nipate la kusema, sikulipata. Mara ya kumi fundo likakaa. Akasema, "Haya, lingine," kama vile alikuwa na siku nzima ya kunisubiri mimi.

Ndipo nikalia, mama. Alidhani nalia msiba.

Nisikudanganye, wivu haukuisha. Umezidi, kwa sababu zamani nilikuwa naona wivu kwa kitu nisichokijua, na sasa nakijua. Lakini ule utulivu wako haukwenda nawe. Umebaki kwenye mkono wa mtu, na mtu huyo si mimi. Jumamosi nitavaa vizuri, nitapanda jukwaani, nitampa tuzo yake. Kisha nitampa mkono, na nitaushika wake kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Asishangae.

Unakumbukwa na mumeo. Mwanao wa kiume na mkewe. Mdogo wako wa kike. Wajukuu zako wawili. Na mimi binti yako wa kwanza niliyeandika haya. Tunakukumbuka leo, na tutakukumbuka siku zote.