Mstari wa Kisigino Chako

Mama,

Naanza na habari za mtoto kwa sababu najua ndizo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuitikia salamu. Ni msichana. Alizaliwa hapa Migori saa sita mchana, wiki sita baada ya kukuzika, na kwa kuwa jua lilikuwa kali tukamwita Achieng, tukaishia hapo, bila kumwongezea jina la marehemu yeyote. Ana miezi tisa sasa. Ana meno mawili na ameshaning'ata nayo. Anatambaa kwa haraka ya mtu aliyesahau sufuria motoni. Pua ni yako, pole kwake.

Jambo lililonikalisha kuandika ni la kule kisiwani Rusinga. Hakuna mtu niliyemweleza lote. Mama Mdogo Risper anajua nusu. Mume wangu anajua robo, na hiyo robo yenyewe anaikataa.

Wazo la kwenda lilikuwa la Ouma. Huyo mwanao hajabadilika, bado anaongea kama redio. Alinipigia simu kutoka Nairobi akasema watu wanatoka mbali kuja kupumzika ziwani kwetu, na sisi tuliozaliwa pale tunalijua kwa kazi tu. "Twende likizo kama watu, dada. Siku nne tu." Nikakufikiria wewe. Miaka yote ile ya ufuoni Karungu sikuwahi kukuona umekaa mchangani bure. Ulikuwa unaanika dagaa wa omena, unageuza omena, unafukuza ndege, unaanika tena. Ulikuwa ukisema siku moja utakaa pale ukunje mikono na ulitazame tu ziwa, uone kama nalo litachoka. Hukukaa.

Basi akakodi nyumba karibu na maji, tukavuka daraja la Mbita sisi watano: mimi, mume wangu, Mama Mdogo, Ouma na mtoto. Ouma alivaa kaptura yenye maua na miwani nyeusi. Mume wangu alibeba Biblia, dawa ya mbu na filimbi ya kufukuza viboko. Sijui nani alimdanganya kwamba kiboko anaogopa filimbi. Ungecheka mpaka ukae chini.

Lakini mimi sikwenda kupumzika, Mama. Nilikwenda kwa sababu mtoto alikuwa analia na nilikuwa nimeishiwa na mahali pa kumpeleka.

Alilia miezi mitano. Si kilio cha njaa wala cha tumbo, ninavijua hivyo. Huyu alikuwa anaamka saa nane mchana, anageukia mlango na kulia kama anayemlilia mtu aliyefukuzwa. Alikuwa akiacha nyonyo katikati. Mikono ikaanza kukonda. Kliniki walimpima kila kitu wasione kitu. Mume wangu akamwombea na kanisa zima likamwombea. Mama Mdogo naye akaja kutoka Oyugis, akamtazama kidogo tu, akasema, "Aa yawa, hii mtoto anaitisha jina. Kuna mtu anamtaka na nyinyi mmemnyima." Kisha akanigeukia akaniuliza kama nimeota mtu yeyote.

Nikamwambia sijaota hata panya.

Nilidanganya, Mama, na wewe unajua nilivyodanganya. Ulikuja mara tatu. Zote zilikuwa mchana, nimejinyoosha kidogo baada ya kunyonyesha. Ulikuwa umesimama mlangoni na leso kiunoni, miguu imelowa kama siku zote ulipotoka ufuoni, na ule mguu wa kushoto usio na kidole kidogo ukiacha maji kwenye sementi. Ulinyoosha mikono tu. Hakuna Mjaluo asiyejua maana ya marehemu kuja hivyo kwenye nyumba yenye mtoto mchanga: anataka mtoto apewe jina lake. Hata mume wangu anajua, ila anasema hajui.

Mara ya tatu nikakuambia, "Ondoka. Hakuna nafasi yako hapa." Nilisema kwa sauti, usingizini, na nikaamka nikiwa bado nayasema maneno hayo. Mtoto akaamka pamoja nami. Hiyo ndiyo siku kilio kilipoanza.

Acha nikueleze kwa nini, maana sitaki uende na jibu la kukisia. Nilikuwa nimekukasirikia. Uliniambia ni homa. Kila nilipopiga simu ulisema homa, nyara, homa tu, binti yangu, usijisumbue na hilo tumbo. Mama Mdogo alikuwa anajua. Hata jirani aliyekuwa akikuuzia mkaa alikuwa anajua. Mimi nikajulishwa ukiwa umeshafunikwa. Na siku ya kukuzika hawakuniruhusu nikuone, wakasema mwenye mimba haangalii maiti. Wakanikalisha nyuma ya jiko na sahani ya wali mapajani. Nilisikia nyimbo, nilisikia koleo. Wali ukapoa. Mpaka leo sijakuaga.

Na nilikuogopa. Sikuwa na hakika ni jina ulilotaka. Ile mikono uliyoinyoosha ilikuwa ya mtu anayekuja kuchukua. Niliwaza labda uko peke yako huko, umemwona mjukuu ambaye hukumpakata, na unataka umpakate kidogo. Kidogo chako nakijua, Mama. Ulikuwa ukiazima ungo kidogo unakaa nao mwaka.

Siku ya kwanza Rusinga, mtoto alinyamaza mara tu alipoliona ziwa. Kila mtu akafurahi. Ouma akasema ni upepo. Lakini mimi niliona hatazami maji. Alikuwa anatazama sehemu moja juu ya maji, kama kimo cha mtu, na macho yake yakawa yanasogea polepole kuja upande wetu. Yakafika kwenye mkeka tuliokalia yakasimama. Kisha akacheka. Nikamwinua nikamwingiza ndani, na kilio kikaanza upya.

Asubuhi ya pili nilitoka kwenda kuanua nepi. Mkeka tulikuwa tumeusahau nje. Mchanga wa pale ni laini, kila kuku anaacha barua yake. Kulikuwa na nyayo za mtu mzima zimetoka majini moja kwa moja mpaka kwenye mkeka. Mguu wa kulia ulikuwa na vidole vitano. Wa kushoto vinne. Nilizifuata kwa macho mara mbili nikitafuta zilikorudia. Hazikurudi.

Nilipogeuka Mama Mdogo alikuwa nyuma yangu na kikombe cha chai. Aliziona, maana alitazama chini muda mrefu kuliko mtu anavyotazama mchanga. Ni yeye aliyekufunga kile kidole siku nanga ya mtumbwi ilipokuangukia. Akapitisha mguu wake juu ya nyayo moja moja, akizifuta, mpaka ukingoni mwa maji, kisha akarudi akaniuliza kama sukari imebaki. Chai yake haikumwagika hata tone.

Siku hiyo sikumweka mtoto chini hata mara moja. Nilikula nimembeba. Nilikwenda chooni nimembeba. Mume wangu akaniambia, "Si unipatie nimshike, wewe umechoka," nikamhamisha mtoto bega la pili.

Siku ya tatu wanaume walikwenda Mbita kutafuta samaki. Mchana mtoto akalia mpaka sauti ikakauka, mdomo wazi na hakuna kinachotoka. Hapo Mama Mdogo akanyoosha mikono, nikampa. Akakaa naye mkekani na kuanza kuwaita wafu wetu, mmoja mmoja, taratibu, kama anayebisha hodi. "Ni wewe, Awino? Ni wewe, mzee Ogola? Ni Adera?" Kila jina alisubiri kidogo amtazame mtoto usoni. Jina ambalo mtoto atalinyamazia ndilo linalotafutwa, ndivyo ilivyo. Akamaliza upande wetu, akamaliza upande wa mume wangu. Aliwataja hata wale ambao hawakupendwa. Lako aliliruka, kwa sababu nilikuwa nimemwapia kwamba hujaja. Aliniangalia mimi, si mtoto, alipofika mwisho, akisubiri nikutaje mwenyewe. Bado nikanyamaza. Hilo ndilo ninaloona aibu nalo, Mama, kuliko yale ya ndotoni. Ndotoni nilikuwa nimelala.

Mtoto akalala kwa uchovu. Tukamlaza kati yetu, kwenye kivuli cha ukuta. Sikukusudia kufumba macho.

Nilipoyafumbua mkeka ulikuwa na mtu mmoja, Mama Mdogo, anakoroma. Mchangani kulikuwa na alama za magoti na viganja, zimeelekea ziwani. Ubavuni mwake zilikuwepo zile nyayo. Hazikumtangulia wala hazikumfuata. Zilikwenda naye sambamba, hatua fupifupi, kama mtu mzima anavyotembea na mtoto.

Nilikimbia, Mama. Nilimwona mgongo wake mdogo karibu kabisa na maji, yale maji ya kahawia yakija na kurudi. Nilitaka kuita Achieng. Mdomo ulipofunguka lilitoka lako. Mimi ambaye tangu nizaliwe sijawahi kukutamka jina, maana mtoto hamwiti mama yake hivyo, nilipiga kelele kisiwa kizima kikasikia: "Akoth! Niachie mtoto wangu! Akoth!"

Mtoto akageuka. Akanitazama, akatoa yale meno mawili. Alikuwa amekaa wima, mkavu kabisa, viganja amevilaza mbele yake kwenye mstari.

Kulikuwa na mstari. Umechimbwa mchangani kwa kisigino, mrefu, kutoka jiwe hadi jiwe, kati yake na maji. Niliufahamu kabla sijaufikia. Ni ule uliokuwa ukinichorea Karungu kila asubuhi kabla hujaanza kuanika, nikiwa sijui hata kutembea vizuri. Ulikuwa unaburuta kisigino, unanielekeza kidole, unasema, "Hapa ndipo dunia yako inaishia, nyara." Na mimi nilikuwa nakaa pale siku nzima nikicheza na magamba, nikiamini kweli upande wa pili hakuna kitu. Sikuwahi kuuvuka. Wenzangu wawili wa umri wangu ziwa liliwachukua.

Upande wa maji wa ule mstari kulikuwa na nyayo mbili zimesimama. Vidole tisa vimeelekea kwa mtoto.

Nilipiga magoti pale. Nilikuwa nimekufikiria vibaya miezi mitano, na wewe ulikuwa umeligeuzia ziwa mgongo. Nililia kilio ambacho kilinistahili nyuma ya lile jiko. Wimbi likaja, likazichukua zile nyayo, likaufikia mstari, likaufuta nusu. Mtoto alilitazama likirudi, akapunga mkono.

Mama Mdogo alifika akihema, leso mkononi. Alitazama mstari uliobaki. "Alikuja kweli," akasema. "Na wewe ulijua." Nikatikisa kichwa kukubali. Nilidhani atanitukana, na nilistahili. Akamwinua tu mtoto akampangusa mchanga. "Basi umemwita kwa mdomo yako mwenyewe. Sasa imeisha. Akoth, kuja tukule."

Na alikula, Mama. Alinyonya matiti yote mawili, akala na ugali uliolowekwa kwenye mchuzi. Hajalia kile kilio tena.

Mume wangu aliporudi nilimwonyesha kipande cha mstari. Akasema ni watoto wa jirani wanacheza. Huenda. Sikubishana naye, alikuwa amebeba samaki. Lakini jana nilimsikia chumbani akisema, "Akoth, kuja kwa baba," na aliponiona akajidai anatafuta soksi. Tutaongeza jina kwenye cheti. Ouma anasema mtoto sasa ana majina mengi kuliko mbunge.

Siku ya nne, kabla ya kuondoka, nilikaa mchangani nikakunja mikono, nikalitazama ziwa kwa niaba yako. Halichoki. Sasa unajua.

Bado nina hasira kidogo kuhusu ile homa. Itaisha, au haitaisha, tutaona. Lakini nafasi ipo. Ile kauli ya ndotoni nairudisha yote, mbele ya mtoto na mbele ya Mungu wa mume wangu. Njoo na miguu yako iliyolowa, sementi itakauka. Ila usinyooshe mikono. Huyu ni wangu kumbeba, wewe ni wa kumzuia tu. Tukubaliane hivyo. Kila mwaka nitamleta ziwani, na mkeka nitauacha nje.

Leo asubuhi alikuwa anatambaa kuelekea ukingo wa veranda, kule kwenye ngazi. Kuna vumbi pale. Nikavua ndala, nikaburuta kisigino mbele yake, nikasema yale maneno yako. Nilitaka kuona kama na mimi nayaweza. Akasimama palepale, viganja kwenye mstari. Kisha akainua uso na kutabasamu, lakini hakunitazama mimi. Alitazama kando yangu kidogo, kushoto, pale ambapo kichwa chako kingekuwa.

Sikugeuka. Nilisogea tu kulia, nikakupisha.

Oriti, Mama. Nenda salama, na urudi salama. Mstari nitauchora mimi.

Mwanao,
nyara